Mwaka Nilioyeyusha Ledi

Siku ya tatu ya matanga ya Mzee Athumani, pale Bondeni, mwanamume mwenye mvi alivuta kiti cha plastiki akaketi kando yangu chini ya turubai. Sikumtambua. Alikuwa amevaa koti la suti lililomzidi mabega, na alikuwa ameshika kofia yake mapajani kwa mikono yote miwili kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Ndani ya nyumba walikuwa wakisoma khitma, na sauti zilitujia kupitia dirishani zikipanda na kushuka pamoja. Alisikiliza kidogo, kisha akasema bila kunitazama, "Dada Nyambura, siku ile ulikuwa unakuja kuniambia nini?" Hapo nikamjua. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka ishirini na tano. Barnaba nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani mwangu, na mara ya mwisho alikuwa akitembea mbele yangu kwenye barabara ya vumbi ya Mau Narok, nguo zake zikiwa ndani ya gunia la mbolea. Sikumjibu papo hapo, kwa sababu jibu lenyewe halikuanzia pale shambani. Lilianzia mjini Nakuru, ndani ya sanduku la herufi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimefanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na stesheni. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya mazishi. Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi za chuma kwenye fremu, moja moja, kinyumenyume, na mpaka leo naweza kusoma maandishi kwenye kioo bila kugeuza shingo. Kisha mwenye kiwanda akanunua kompyuta mbili, na wiki iliyofuata herufi zote zikamwagwa kwenye masanduku ziuzwe kama vyuma chakavu. Mzee Athumani alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mfupi, ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, kanzu ya kijivu iliyotobolewatobolewa na cheche. Aliokota herufi M kubwa akajaribu kuikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuacha alama. "Ngumu," akasema. Nikamwambia ni lazima iwe ngumu, kwa sababu si ledi tupu, imechanganywa na madini mengine ili uso wa herufi usilike haraka. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nani kakufundisha?" "Hakuna, mzee. Nimezishika kila siku." Alinunua masanduku mawili, na alipokuwa akiyafunga kamba akasema, kana kwamba anaongea na ile kamba, "Njoo Jumatatu. Vaa nguo usiyoihurumia."

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, chenye dirisha la nondo na meza iliyokuwa nyeusi kwa mafuta. Leseni yake ya fundi wa bunduki ilikuwa kwenye fremu ukutani, na chini yake kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Watu wa mashamba makubwa walimletea bunduki zao azisafishe, abadilishe kitako kilichopasuka, anyooshe kilichopinda. Jiko la mkewe, Mama Zuhura, lilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo chumba kilinuka makaa, mafuta ya bunduki na tangawizi kwa pamoja. Saa nne kila siku alitupitishia chai na mahamri kupitia dirishani, na hakuachilia sahani mpaka nimwonyeshe viganja vyangu. "Osha tena," alikuwa akisema. "Hayo madini hayaliwi, yanakula." Kiswahili chetu kina neno moja tu, risasi, kwa madini yenyewe na kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na ili tusichanganyikiwe Mzee Athumani aliyaita madini ledi. Risasi lilikuwa jina la ile iliyokwisha kuyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu na kutoka na umbo lake. Nilijifunza kumimina kwa mkono usiotetemeka, kugonga kalibu, na kuangusha vitu vile vidogo vinavyong'aa juu ya gunia. Nilikuwa nimetoka kazi ya kupanga majina ya watu waliokufa, na niliona kazi hii mpya ni safi zaidi. Nikifikiria sasa namhurumia msichana yule.

Mzee Elijah alikuja mwezi wa sita. Alikuwa mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, mrefu, mwenye sweta iliyofungwa vifungo visivyolingana, na alikuwa amebeba gobori lililofungwa ndani ya blanketi la mtoto. Gobori lile lilikuwa la kale, la kujaza baruti nyeusi kupitia mdomoni na kushindilia risasi juu yake kwa ufito. Mwenye shamba wa zamani alikuwa ameliacha ukutani. Elijah alikuwa na karatasi zake zote, na alisema klabu moja ya walenga shabaha karibu na Gilgil ilikuwa na mashindano ya bunduki za zamani mwishoni mwa mwaka. Alitaka lilenge sawasawa. Alizungumza polepole na kwa upole, na mara mbili alinyamaza katikati ya sentensi akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kusema.

Tulimtengenezea risasi za kwanza kutokana na herufi zangu. Zilitoka kwenye kalibu zikiwa nzuri mno, ncha kali, uso laini kama kioo, na nilijivuna. Jumamosi moja tulikwenda na Elijah kwenye uwanja wa klabu. Alipiga kumi. Risasi moja ilikata kona ya karatasi, nyingine ilipasua mbao pembeni, nyingine hatukuiona kamwe. Zile chache zilizopata karatasi hazikuacha matundu ya duara. Ziliacha matundu marefu, ya ubavu, kama matundu ya funguo, na kila moja ilipopita hewani ilitoa mlio wa kupapatika ambao ulinifanya niinamishe kichwa bila kutaka. Mzee Athumani aliishika karatasi juu ya mwanga wa jua akaitazama kwa muda mrefu. "Zinakwenda zikibiringika," akasema. "Hazijashika njia." Tukiwa tunarudi tulisimama Kikopey, tukaagiza mbavu za mbuzi na ugali, na nilipotoka kunawa mikono nyuma ya bucha nilimsikia Elijah akiongea na Mzee Athumani kando ya gari. "Nataka ishike hatua mia na ishirini," alisema. Mzee Athumani akamwambia klabu inapiga mita mia, hakuna haja ya zaidi. "Mia na ishirini," Elijah akasema tena, kwa upole uleule. "Nimeshapima." Nilirudi mezani nikala. Nyama ilikuwa tamu na nilikuwa na njaa, na maneno yale sikuyapa uzito wowote.

Jibu la tatizo letu lilikuwa kwenye ugumu wenyewe. Mzee Athumani alinieleza akiwa amenishikisha mtutu wa zamani uliokatwa, nikaingiza kidole changu nikahisi mifereji inayozunguka ndani kama ngazi za mnara. Risasi inaingia kwa kulegea kidogo ili iweze kushindiliwa kutoka mdomoni. Baruti ikiwaka, teke lake linaipiga kwa nyuma, na ledi laini hutanuka hapo hapo, ikajaa kwenye mifereji, ikazungushwa, ikatoka ikiwa imenyooka. Ledi ngumu haikubali kutanuka. Moshi unapenya pembeni mwake, nayo inatoka bila kuzungushwa, ikienda inakotaka. "Watu hufikiri kitu kigumu ndicho kinachoua," akasema. "Kwa gobori ni kinyume." Tulipata ledi laini kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa, mabomba ya maji ya enzi ya wazungu, mazito na ya kijivu, ambayo ungeyapinda kwa mikono. Ukucha uliacha mstari juu yake. Ukidondosha kipande kwenye saruji kilisema *tup*, kama kitu kilichoanguka ndani ya nyumba ya jirani, ilhali herufi zilisema *ting*. Nilimimina risasi ishirini za ledi ile laini, nikazipaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta.

Tulirudi uwanjani. Elijah alipiga tatu, moshi mweupe ukatanda, na tulipokwenda kwenye karatasi tulidhani ni moja tu iliyopata. Zilikuwa zote tatu, ndani ya tundu moja lisilozidi jicho la ng'ombe. Nilicheka kwa furaha. Elijah hakucheka. Aliingiza kidole chake ndani ya tundu lile akakiacha humo, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema kwa sauti ya chini, si kwangu wala kwa Mzee Athumani, "Unaona? Sasa itakubali."

Mwezi wa nane Mzee Athumani aliumwa na mguu, na Elijah alipoomba mtu wa kuangalia kifyatulio kilichokuwa kikikwama, nilitumwa mimi. Nilipanda lori la viazi lililokuwa likirudi tupu kupitia Njoro, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoongezeka, mpaka ukungu ukaingia ndani ya lori. Nyumba ya Elijah ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye veranda inayotazama mteremko. Mbwa alikuwa amelala mlangoni na hakubweka. Nilitengeneza kifyatulio kwa nusu saa, na saa saba Elijah akaniita mezani. Alikuwa amepika mwenyewe, viazi vya kuchemsha na maganda yake, kabichi, na maziwa lala. Sahani zilikuwa tatu. Alipakua ya tatu vizuri kuliko zetu, akachagua viazi vikubwa, akaweka kijiko upande wa kushoto. Nikauliza kama tumngoje mgeni. "Huyo ni Timo," akasema. "Yeye hukawia. Wewe kula." Nilikula. Nilisikia kila mtafuno wangu. Mara moja Elijah alisogeza kikombe cha chumvi kuelekea upande wa kile kiti kitupu, bila kukatiza alichokuwa akiniambia kuhusu bei ya mbegu, jinsi tunavyosogezea mtu kitu kabla hajaomba. Baadaye alifunika ile sahani kwa nyingine, akaipeleka chumbani, na nikausikia mlango ukifungwa taratibu, kama wa chumba cha mtu aliyelala. Kupitia dirishani, chini ya mteremko, kando ya bwawa, niliona mtu amesimama ndani ya manyunyu amenyoosha mikono. Elijah aliporudi nilimwambia kuna mtu ananyeshewa kule chini. Akatazama. "Si mtu," akasema.

Nilipoondoka nilipita njia ya bwawani kwa makusudi. Lilikuwa koti la mvua la kijani, limevalishwa kwenye mti wa msalaba na kujazwa majani makavu, na juu yake kofia. Kifuani kulikuwa na matundu ya duara, safi, yamekusanyika mahali ambapo ningeweza kuyafunika yote kwa kiganja. Zilikuwa risasi zangu. Hatua mbili kutoka pale kulikuwa na tangi la mabati na mashine ya kuvuta maji, na kijana wa umri wangu alikuwa amechuchumaa akiipaka grisi. "Niaje, dada," akasema. "Wewe ndiye wa karakana?" Hivyo ndivyo nilivyomjua Barnaba. Nikamuuliza koti ni la nani. "Langu. Mzee aliniomba." Nikamuuliza Timo ni nani. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akitazama maji. Timo alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa mzee. Mwezi wa tatu bomba liliziba chini ya maji, Timo akaingia kulizibua, na hakutoka. Barnaba alikuwa amesimama palepale ukingoni. "Mimi sijui kuogelea," akasema. Tangu mazishi mzee hakuwa amemwambia neno ila siku aliyoomba lile koti, na asubuhi moja aliacha karatasi juu ya mashine ikisema iwashwe kila siku saa tatu. "Saa tatu kamili," Barnaba akasema. "Hataki dakika ipite." Niligeuka nikatazama juu. Veranda ilionekana wazi kabisa juu ya majani. Sikuhitaji kupima ili kujua ni hatua ngapi.

Nilimweleza Mzee Athumani jioni hiyo hiyo, Mama Zuhura akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Polisi utawaambia nini?" akaniuliza. "Kwamba mtu kampakulia marehemu chakula? Kwamba katundika koti?" Hata hivyo kesho yake alijikongoja na fimbo akaenda mwenyewe kituoni, akasikilizwa kwa heshima, akaambiwa hakuna kosa lililotendeka. Alimwandikia barua binti ya Elijah aliyekuwa Nairobi. Tulingoja jibu. Wakati tukingoja, dereva wa lori alituletea kijikaratasi chenye mwandiko ulionyooka: *Zile zinakaribia kwisha. Nitengenezee thelathini kama zile. Nyambura azilete Jumatano asubuhi.* Mzee Athumani alikisoma mara mbili. Nikasema tukatae. "Tukikataa, atakwenda kwa mwingine," akasema. "Mabomba ya zamani yako kila mahali, na kalibu si kitu kigumu kupata." Sanduku la pili la herufi lilikuwa bado chini ya meza, halijafunguliwa. Nikalivuta kwa mguu mpaka likawa kati yetu. "Na nikizitengeneza kwa hizi?" Alichukua kofia yake msumarini, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Naenda kuswali," akasema. "Ukimaliza, kalibu uirudishe pale pale."

Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo lakini sijawahi kufanya nyingine kwa uangalifu kama ule. Herufi zilirundikana ndani ya sufuria na kwa muda zilikaa bila kubadilika, kisha zikaanza kuinama, zikalala, na niliona nyingine zikisomeka bado kabla nyuso zake hazijafumba. Nilikuwa nimezishika zile zile nikipanga majina ya marehemu na saa za ibada. Risasi zilitoka zikiwa nyeupe mno, basi nikazisugua kwa masizi na mafuta mpaka zikafifia kama zile za kwanza. Zilikuwa nyepesi kidogo. Mkono wangu ulijua, lakini wa Elijah sikujua kama ungejua. Kitu kilichonikosesha usingizi ni lile neno, *zinakaribia*. Kukaribia kwisha si kwisha. Mahali fulani ndani ya nyumba ile kulikuwa na risasi laini zilizobaki, na hatukujua ni ngapi.

Jumatano nilifika kabla ya saa tatu. Elijah alikuwa kwenye veranda, amenyoa, amevaa shati la kanisani. Gobori lilikuwa mezani na vikombe vya chai vilikuwa vitatu. Alifungua mkebe wangu, akatoa risasi moja akaizungusha kati ya vidole. Mzee Athumani alikuwa amemfundisha kupima kwa ukucha kama alivyonifundisha mimi. Lakini nilipotazama mikono yake niliona kucha alikuwa amezitafuna zote mpaka kwenye nyama. "Nzuri," akasema. Akaubeba mkebe akaingia nao ndani, akakaa humo dakika kadhaa, na aliporudi alikuwa na risasi moja tu kwenye mfuko wa shati. Sikuweza kujua ni ya mkebe wangu au ni ya zile za kwanza. Alimimina baruti, akashindilia, akafanya yote bila haraka, na alipomaliza akakigeukia kiti kitupu. "Kaa chini, Timo," akasema. "Utamwaga chai." Nami nikakitazama kile kiti, na Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilingoja kuona kama kikombe kitasogea.

Kule chini mashine ikawaka. Barnaba alitoka nyuma yake, akasimama kando ya lile koti, wima, uso wake ukituelekea. Niliweka kikombe changu mezani nikateremka ngazi. Watu wachache niliowasimulia huniambia ni ushujaa, lakini ushujaa una nia ndani yake, nami sikuwa na nia yoyote, nilikuwa na miguu tu. Nilikwenda moja kwa moja kuelekea kwa Barnaba, nikiwa ndani ya mstari ule ule. Nyuma yangu Elijah alisema, "Nyambura, rudi," bila kupaza sauti. Majani yalikuwa yamelowa na sketi yangu ilinigandia magotini. Nilihisi mgongo wangu umekuwa mpana kama mlango. Niliita jina la Barnaba lakini mashine ilimeza sauti yangu, nikainua mkono, na nilipokuwa nimeuinua nikasikia mshindo. Kisha, kushoto kwangu na juu, kitu kilipita kikipapatika kama kanga anayeruka kutoka majanini. Tangi lililia. Maji yakaanza kutoka kwa nguvu kwenye tundu refu la ubavu, urefu wa kidole changu, yakamlowesha Barnaba miguu, naye hakusogea.

Sijui kwa nini nilirudi juu kwanza. Moshi mweupe ulikuwa bado umetanda kwenye veranda, unanuka kiberiti, hauendi popote kwa sababu hapakuwa na upepo. Elijah alikuwa ameketi. Gobori lilikuwa sakafuni. Alikuwa akikitazama kile kiti cha tatu kwa namna tofauti, kama mtu anayetazama kiti. "Nimekosa," akasema. Kisha akafunika uso wake kwa viganja vyake. Niliingia ndani nikautoa mkebe wa risasi, nikachukua na pembe ya baruti, nikaondoka navyo.

Barnaba alifungasha vitu vyake nikamsindikiza mpaka barabarani, hatukusemezana, na akapanda lori la kwanza lililosimama. Siku tatu baadaye binti ya Elijah alikuja na barua yetu mkononi. Alikwenda shambani na Mzee Athumani na mimi, akampeleka baba yake Nairobi, na gobori likakabidhiwa kwa polisi. Polisi walimtafuta Barnaba aandikishe maelezo. Alituma ujumbe kupitia kanisani kwao kwamba hana mashtaka na mtu yeyote. Elijah aliishi miaka michache kwa bintiye, akafa kitandani. Mimi siku hiyo tulipokwenda na bintiye nilipanda kwenye tangi lililokwisha kauka, nikachokora matope mpaka nikaipata risasi. Ubavuni haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mifereji ya mtutu haikuwa imeigusa. Nilimpa Mzee Athumani, akaipima kwa ukucha, akaitia mfukoni, na kwa miaka yote niliyofanya kazi naye baada ya hapo hakuizungumzia tena.

Haya yote, isipokuwa lile neno Elijah alilosema kwenye veranda, nilimwambia Barnaba pale chini ya turubai, kwa sauti ya chini, watu wakiitikia *amin* ndani ya nyumba. Alisikiliza akiizungusha kofia yake. "Kwa hivyo ni herufi zilinikosa," akasema.

"Ni herufi."

"Na wewe ulikuwa unakuja kuniambia nikimbie."

"Ndiyo."

"Nisingekimbia." Alisema hivyo bila kujigamba, kama mtu anayerekebisha tarehe. "Mimi nilijua, dada. Koti lilikuwa langu, nililiona kila asubuhi likiongeza matundu. Mzee aliniomba nisilishone." Akavuta pumzi. "Ile siku ya bomba, kuingia majini ilikuwa kazi yangu. Mimi ndiye nilimwambia Timo, wewe unajua kuogelea, ingia wewe. Hiyo sikumwambia mtu. Kwa hivyo kila saa tatu nilikuwa nawasha mashine, halafu nasimama pale. Nasimama mpaka nione imetosha. Halafu narudi kazini."

Miaka yote nilikuwa nimemkumbuka kama mtu ambaye mashine ilimziba masikio. Sasa nilimwona upya, wima kando ya koti lake, uso wake ukielekea juu, na nikafahamu kwamba watu watatu tulikuwa ndani ya mstari ule asubuhi ile na kila mmoja alikuwa amefanya hesabu yake peke yake.

Khitma iliisha. Vijana wakaanza kupitisha birika la maji ya kunawa na sinia za chakula.

"Na Mzee Elijah," Barnaba akauliza, "alisema kitu, ulipomrudia?"

"Alisema, 'Nimekosa.'"

Kofia ikaacha kuzunguka. "Kukosa gani?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia nimejiuliza tangu siku ile, na kwamba hakuwa ametazama bwawani wala hakuwa amenitazama mimi alipolisema. Birika likatufikia. Barnaba aliinua mikono yake juu ya beseni na kijana akamwagilia, naye akaiacha hapo, maji yakipita, hata kijana akamuuliza, "Mzee, imetosha?"

"Bado," Barnaba akasema. "Ongeza kidogo."